Mwendo wa Meli Katika Jicho la Nyambizi

Nahodha wa nyambizi anayeinua darubini yake juu ya mawimbi na kuiona meli ya adui ikipita mbele yake ana mambo matatu ya kuyajua kabla hajafyatua topido: meli iko masafa gani, imeelekea wapi, na inakwenda kwa mwendo gani. La kwanza na la pili jicho lililozoea laweza kuyasoma, ijapokuwa kwa makosa, katika mtazamo mmoja tu. Bali la tatu halisomeki kabisa, kwa sababu mwendo si sura ya kitu, ni tofauti ya mahali baina ya wakati huu na ule, na mwenye kutaka kuupima hana budi kutazama zaidi ya mara moja na kuhesabu muda ulio katikati. Hapo ndipo penye taabu ya kazi hii, maana kama kuna kitu ambacho nahodha wa nyambizi amenyimwa, ni muda wa kutazama.

Yafaa kwanza ifahamike topido za wakati ule zilikuwa vyombo vya namna gani, na kwa kusema wakati ule nakusudia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vya 1939 hadi 1945, ambavyo ndivyo vilivyoifikisha elimu hii kwenye upeo wake. Topido ilikuwa chombo kirefu cha chuma mfano wa sigara, chenye baruti kichwani na rafadha mkiani, kilichosukumwa na mashine ya hewa iliyoshindiliwa au na betri za umeme. Na kikishatoka katika bomba lake kilishika njia kiliyopangiwa, kikaifuata hadi mwisho bila ya kuona wala kusikia. Baadaye vitani zilitokea topido zenye masikio, zilizofuata mlio wa meli, lakini sehemu kubwa ya zilizofyatuliwa zilikuwa vipofu. Wala hazikufa pamoja na vita vile: tarehe 2 Mei 1982, nyambizi ya Kiingereza ya nyuklia Conqueror ilipoizamisha manowari ya Argentina iliyoitwa General Belgrano, iliyoipiga ilikuwa topido ya Mark 8, ya aina iliyokuwa ikitumika tangu kabla ya 1939, na nahodha wa Conqueror alilazimika kufanya hesabu zile zile za wazee wake.

Topido ya umeme ya Wajerumani, G7e, ilikwenda noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, na kila maili ya baharini ni mita 1,852. Meli ya mizigo ya siku zile ilikwenda noti 8, au 10, au 11. Alengaye pale meli inapoonekana ataipiga bahari tupu, kama mvuvi anayemrushia chusa samaki apitaye akasahau kulenga mbele ya kichwa chake. Swali ni moja tu: mbele kwa kadiri gani? Meli ikiwa imempa nahodha ubavu kamili, nayo inakwenda noti 10, topido ya noti 30 yapasa ielekezwe digrii 19 na nusu mbele ya meli, na hapo viwili hivyo, kila kimoja kikishika njia yake, vitakutana mahali ambapo kwa sasa hapana kitu ila maji.

Katika hesabu hiyo mna jambo ambalo wengi hawalitazamii, nalo ni kuwa masafa hayamo. Meli ikiwa mbali mita 800 au mita 2,000, madhali topido inatoka bila ya kupinda, pembe ni ile ile, kwa sababu kila mita moja ya safari ya meli inalingana na mita tatu za safari ya topido, iwe safari hiyo ni fupi au ndefu. Na lile jambo la uelekeo nalo, meli ikishakaa ubavu, hupoteza uzito wake: nahodha aliyedhani meli imekaa digrii 90 kumbe imekaa 80 atakuwa amekosea pembe ya kulenga kwa thuluthi moja ya digrii, jambo ambalo hakuna baharia atakayelisikitikia. Lakini aliyedhani meli inakwenda noti 8 kumbe inakwenda 10 atalenga digrii 15 na nusu badala ya 19 na nusu, na digrii 4 hizo katika masafa ya mita 1,000 ni kama mita 70 za kukosa. Kwa hiyo katika yale mambo matatu, la kwanza laweza kusamehewa, la pili laweza kupunguzwa madhara kwa kungoja meli ikae vizuri, na ni lile la tatu, lile lisiloonekana, lililobeba mzigo wote.

Tulipime kosa hilo kwa muda pia. Topido ya noti 30 hukata mita 1,000 kwa sekunde 65, na katika muda huo meli ya noti 10 husogea mita 333. Kosa la noti moja, basi, ni mita 33. Na kwa kuwa meli ya kadiri ya mita 134 ikilengwa katikati ina mita 67 kila upande, nahodha anaweza kukosea noti moja na bado akapiga, ila akikosea mbili amefika ukingoni. Yazidishe masafa yawe mita 3,000, na kosa la noti moja linakuwa mita 100, na topido inapita mbele ya omo au nyuma ya tezi, na watu wa melini huenda wasijue kamwe kwamba siku ile walikuwa wamehesabiwa.

Namna nyepesi kuliko zote ya kuupata mwendo huo, na kwa maoni yangu yenye akili nyingi kuliko zote, haikuhitaji mashine yoyote ila uzi mwembamba wa wima ndani ya kioo cha darubini na saa yenye mshale wa sekunde. Nahodha aliielekeza darubini mbele kidogo ya meli, akaikaza isigeuke, akangoja. Omo ilipougusa uzi alitamka neno, na msaidizi wake akaianzisha saa. Tezi ilipouacha uzi alitamka tena, na saa ikasimamishwa. Urefu wa meli ukigawanywa kwa sekunde zile hutoa mita kwa sekunde, na ukizizidisha mita hizo karibu mara mbili umepata noti. Meli yenye mita 134 ikichukua sekunde 26 kuupita uzi, inakwenda noti 10; ikichukua 24, inakwenda 11; ikichukua 33, ni noti 8. Uzuri wa njia hii ni kuwa haijali masafa wala pembe: meli iwe karibu au mbali, iwe ubavu au mshazari, omo na tezi hupita juu ya njia moja na kuukata mstari ule ule mahali pale pale, na muda ulio baina yao ni urefu na mwendo tu.

Lakini ina masharti, na masharti yake ni mazito. La kwanza, mstari ule wa kutazama lazima usisogee, ilhali nyambizi haiwezi kusimama kabisa chini ya maji, kwani ikikosa mwendo huwa vigumu kuishika katika kina chake, na hapo huenda ikazama zaidi na kupofuka, au ikaibuka na kujifichua. Dawa yake ni kuigeuza nyambizi ielekee kule kule darubini inakoelekea, ili mwendo wake wenyewe uwe juu ya mstari wala si wa kuukata. Maana ikijiendea ubavu kwa noti 2, noti 2 hizo huingia katika hesabu kama mgeni asiyealikwa. La pili, darubini hukaa nje nusu dakika nzima, ikichora povu dogo nyuma yake juu ya maji, na bahari ikiwa shwari, na manowari za ulinzi zikiwa karibu, nusu dakika ni umri mrefu. Manahodha wengi hawakuthubutu kuiacha nje zaidi ya sekunde chache kwa kila mtazamo. La tatu, ambalo ndilo gumu, yapasa urefu wa meli ujulikane. Aliyedhani meli ya mita 134 ina mita 120 atasoma noti 9 mahali penye 10, hata saa yake ikiwa sahihi kama jua.

Ndiyo maana nyambizi zilibeba vitabu. Wajerumani walikuwa na kitabu cha Erich Gröner kilichoorodhesha meli za biashara za dunia kwa picha za vivuli vyao, mahali pa milingoti, idadi ya dohani, urefu na mwendo. Na afisa kijana, aliyeambiwa na nahodha wake sura aliyoiona kwa kupepesa macho, alifungua kurasa haraka na kutafuta inayofanana. Hapa pana kinaya cha vita: Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za aina ya Liberty, kwa haraka ambayo dunia haikupata kuiona, na siri ya haraka hiyo ilikuwa kuziunda zote kwa kipimo kimoja, futi 441 kutoka omo hadi tezi, noti 11, basi nahodha wa Kijerumani aliyeitambua Liberty alikuwa amepewa bure nusu ya hesabu yake na waliomuundia meli ya kuizamisha. Mojawapo ya meli hizo, John Barry, ilizamishwa na nyambizi U-859 tarehe 28 Agosti 1944 katika Bahari ya Arabu, mbali na pwani ya Omani, ikiwa na shehena ya riyali za fedha za Saudia milioni 3, nazo zililala kilindini nusu karne, hata 1994 sehemu yake ikavuliwa.

Aliyeogopa kuacha jicho nje aliweza kutumia sikio. Maji huichukua sauti vizuri kuliko hewa, na katika chumba kidogo cha nyambizi alikaa mtu mwenye vyombo vya kusikilizia masikioni, akiuhesabu mdundo wa rafadha kwa dakika. Mashine ya Liberty ilizungusha rafadha mara 76 kwa dakika ili kupata noti 11, yaani mizunguko 7 hivi kwa kila noti. Ukisikia mizunguko 55 unajua kuwa meli ile inatambaa kwa noti 8. Ila sikio nalo lina udhaifu wake: mizunguko ile ile haitoi mwendo ule ule meli ikiwa tupu na ikiwa imeshiba mizigo, wala chini yake pakiwa pasafi na pakiwa pameota chaza na mwani; na katika msafara wa meli thelathini, kuutenga mdundo wa moja kutoka katika zogo la zote ni kazi iliyotaka kipaji.

Waliokuwa na wasaa zaidi walichora. Kila dakika tatu nahodha alitazama, akatoa uelekeo wa meli na masafa yake, masafa aliyoyapata kwa kuupima mlingoti wenye urefu unaojulikana ndani ya kioo, na afisa akatia alama juu ya karatasi. Dakika tatu hizo hazikuchaguliwa kwa bahati: kwa Waingereza na Wamarekani, wapimao kwa yadi, meli inayosogea yadi 100 katika dakika tatu inakwenda noti moja, yadi 1,000 noti 10, basi mwendo ulisomeka juu ya karatasi bila ya kugawanya. Wajerumani, ambao usiku walipenda kuwinda wakiwa juu ya maji, walikwenda sambamba na msafara kwa saa nyingi, mbali kiasi cha kuona ncha za milingoti tu, wakibadili mwendo wao wenyewe hata meli zile zikawa hazisongi mbele wala kurudi nyuma machoni mwao. Na hapo mwendo wa adui ulikuwa ule ule unaoonyeshwa na mashine zao.

Kuhusu povu linalopasuka mbele ya omo, ambalo kila mwanafunzi alifundishwa kulitazama kwanza, sina mengi ya kusema, kwani lilikuwa mwalimu mzuri wa kukanusha na mbaya wa kuthibitisha: povu kubwa lilimwambia nahodha kuwa meli haiendi noti 8, lakini halikumwambia kama ni 13 au 16. Nao waliokuwa wakiwindwa walilijua hilo. Baadhi ya meli zilipakwa rangi nyeupe mfano wa povu kwenye omo, ili iliyo taratibu ionekane ina haraka. Kabla ya hapo, katika 1917, mchoraji wa Kiingereza Norman Wilkinson alishauri meli zipakwe mistari na pembe za rangi zinazogombana, si kuzificha, kwani meli yenye moshi haifichiki, bali kulichanganya jicho lililo kwenye darubini lisijue omo iko upande gani. Na zikaonekana marikebu kubwa kama Olympic na Mauretania zimevaa madoadoa hayo. Kuna na hila kongwe kuliko rangi, nayo ni kwenda upogo, kugeuza njia kila baada ya dakika kadhaa, ili karatasi ya yule afisa wa nyambizi isimalize mstari wake.

Wamarekani waliikabidhi hesabu hii yote kwa mashine iliyokaa ndani ya mnara wa nyambizi, iliyopokea uelekeo, masafa, pembe na mwendo uliokisiwa, na ikaendelea yenyewe kuisogeza meli ya kuwaziwa kwa vipimo hivyo. Kisha darubini ilipoinuliwa tena, ikiwa meli ya kweli iko pale pale mashine iliposema itakuwa, mwendo ni sahihi. Ikiwa imetangulia, mwendo uliongezwa. Ikiwa imechelewa, ulipunguzwa. Katika nyambizi ya Wahoo, nahodha Dudley Morton alifanya jambo lililowashangaza wenzake: alimweka msaidizi wake, Richard O'Kane, kwenye darubini, naye mwenyewe akasimama nyuma akiangalia mashine na karatasi, kwa hoja kwamba mtu anayeiona meli kwa macho yake hutishwa au hutamanishwa nayo, na moyo uliotikisika haukisii vema. Mimi naona alikuwa na haki.

Na kwa kuwa hakuna aliyeuamini kabisa mwendo alioukisia, desturi ilikuwa kufyatua topido kadhaa kwa kuzitawanya, moja ikilengwa mbele ya katikati ya meli, moja katikati, moja nyuma yake, ili kosa la noti moja au mbili limezwe na upana wa mtawanyo. Tarehe 19 Juni 1944, katika vita vya Bahari ya Ufilipino, nyambizi ya Kimarekani Albacore iliiona Taiho, manowari mpya ya Kijapani ya kubebea ndege, ikipita kwa noti 27. Mashine ikakataa kutoa jawabu wakati ule ule ulipohitajika. Nahodha James Blanchard akafyatua topido sita kwa kukisia kwa jicho. Moja rubani wa Kijapani, Sakio Komatsu, aliiona akiwa angani akajitupa juu yake na ndege yake. Katika zilizosalia ikapiga moja tu. Moja hiyo ikavujisha petroli ndani ya manowari, mvuke wake ukaenea, na baada ya saa sita hivi ukalipuka, Taiho ikazama. Mtu asidhani kuwa hilo lathibitisha ubora wa jicho juu ya mashine. Sita kwa moja ni kipimo cha kosa, na kwa noti 27 kosa halina huruma.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, nyambizi Archerfish ya nahodha Joseph Enright iliifukuza usiku kucha manowari ya Shinano, iliyokuwa haimo katika kitabu chochote kwa sababu Wajapani waliiunda kwa siri. Kwa kuwa mwendo wake haukuwa chini ya ule wa Archerfish, isingefikiwa kamwe, lau si kuwa ilikuwa ikienda upogo kwa ajili ya usalama wake. Upogo ule ndio ulioirudisha mbele ya darubini, na topido nne zikaipata.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ilitukia mapema mwaka huo katika bahari yetu wenyewe. Meli ya askari Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini tarehe 5 Februari 1944 kwenda Colombo, pamoja na nyingine nne, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, miongoni mwao askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, ambao walikuwa wengi kuliko wote, na kadhalika wauguzi wanawake. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilitazama, ikakisia, ikatawanya topido. Mbili zikapiga. Meli ikazama katika muda wa dakika mbili hivi, na waliokufa walikuwa karibu watu 1,300.

Manowari mbili za ulinzi, Paladin na Petard, ziliigeukia I-27 kwa mabomu ya kina, hata pale palipokuwa na watu waliokuwa bado wakielea, mpaka ikalazimika kuibuka. Paladin ikaumia katika kujaribu kuigonga. Mizinga ya Petard haikuweza kulitoboa gamba lake la chuma, basi ikaazimiwa kuimaliza kwa topido: mchana mweupe, nyambizi iko juu ya maji, imejeruhiwa, inazunguka zunguka haiwezi kukimbia, nao walio kwenye daraja ya Petard wanaitazama wapendavyo, bila ya haja ya darubini wala ya kujificha. Topido ya kwanza ikakosa, na ya pili, na ya tatu, hata sita zikapita, kwani kitu kinachozunguka mwendo wake hubadilika machoni kila dakika. Ya saba ndiyo iliyoipata I-27.